Maisha ya Mwalimu James Naismith, Aliyeanzisha Mpira wa Kikapu

Katika kitabu hiki cha Jubilei zimewekwa khabari za watu waliotutangulia katika kazi, nao wastahili kukumbukwa. Sisi twapenda kuwaletea wasomaji maisha ya mtu mmoja wa mbali, ambaye hakuikanyaga nchi yetu kamwe, lakini kazi ya akili yake imefika hata katika viwanja vya shule zetu. Mtu huyo ni Mwalimu James Naismith, aliyekuwa mkuu wa mazoezi ya mwili na michezo katika Chuo Kikuu cha Kansas, nchi ya Marekani.

Tumemchagua yeye kwa sababu hii. Wako walimu wengi ambao hukabidhiwa kazi ya michezo shuleni, na watu huiona kazi hiyo kuwa ndogo. Husema ya kwamba mwenye elimu kweli hufundisha hesabu, na mwenye wito kweli husimama kanisani, bali huyu wa uwanjani hucheza tu na watoto. Naismith naye aliambiwa maneno ya namna hiyo, tena na watu waliompenda. Na tuone jinsi alivyoyajibu kwa maisha yake.

UTOTO WAKE

James Naismith alizaliwa tarehe 6 Novemba, 1861, karibu na mji mdogo wa Almonte, katika jimbo la Ontario, nchi ya Kanada. Wazazi wake, John Naismith na Margaret Young, walikuwa wa ukoo wa Kiskoti. Mwaka 1870, mtoto hajatimiza bado miaka 10, homa ya matumbo iliingia nyumbani mwao. Baba akafa, na kabla majuma mengi hayajapita mama naye akafa. Watoto watatu wakabaki yatima: Annie aliyekuwa mkubwa, James, na mdogo wao Robbie. Wakalelewa na bibi yao, mzaa mama. Naye alipofariki, wakabaki mikononi mwa mjomba wao, Peter Young, aliyekuwa mkulima.

Mjomba huyu alikuwa mtu mwema, lakini hakumlea mtoto kwa kumdekeza. Katika nchi zile, wakati wa baridi, maji ya mto huganda hata watu na farasi hupita juu yake. Yasimuliwa kwamba siku moja James alitaka kuifupisha njia, akapita mtoni na farasi wake, barafu ikavunjika. Akahangaika peke yake hata akawatoa farasi salama. Alipokwisha, akainua macho, akamwona mjomba wake amesimama kati ya miti akimtazama kimya. Alikuwa ameyaona yote, wala hakuja kumsaidia, ili kijana ajifunze kujitoa mwenyewe katika taabu aliyojiingiza.

Michezo ya watoto wa kijiji hicho ilikuwa ya vitu walivyoviokota. Mmoja tutautaja, kwa kuwa utatufaa mbele. Watoto waliweka jiwe juu ya mwamba, kisha kila mmoja akatupa jiwe lake ili kuliangusha lile la juu. Aliyetupa kwa nguvu nyingi akikosa, jiwe lake lilikwenda mbali, naye akachelewa kulifuata na kukamatwa. Lakini aliyelirusha polepole, likapanda juu kisha likashuka, aliweza kulipiga lile jiwe na kuliwahi lake upesi. Hivyo watoto walijua ya kwamba nguvu peke yake haitoshi, yataka na shabaha.

SHULE NA CHUO

James hakuwa mwanafunzi hodari tangu mwanzo. Alipokuwa na umri wa miaka kama 15 aliiacha shule, akaenda msituni kukata miti pamoja na watu wazima. Akafanya kazi hiyo kwa muda wa miaka kama mitano. Msituni alipata nguvu za mwili, na pia alijifunza mambo ya wakata miti, pamoja na ulevi. Wanaoeleza maisha yake husema kwamba siku moja alikuwa akinywa, na mtu mmoja mzima aliyesimama karibu akamwuliza kama yeye si mwana wa Margaret Young. Alipokubali, mtu yule akamwambia ya kuwa mama yake angehuzunika kaburini kumwona hivyo. Kijana akakiweka kikombe chini, wala hakurudia tena kunywa.

Akarudi shuleni, mtu mzima katikati ya watoto, akavumilia kuketi nao darasani. Mwaka 1883 alimaliza, akaingia Chuo Kikuu cha McGill katika mji wa Montreal. Nia yake ilikuwa moja tu: kuwa mchungaji. Dada yake Annie alifurahi sana, maana ndilo tumaini la nyumba yao.

Hapo kwanza alijifungia na vitabu mchana na usiku. Ndipo wenzake wawili walipomjia, wakamwonya ya kwamba mwili usiotunzwa utamwangusha hata katika masomo. Akasikia, akaingia ukumbi wa mazoezi, kisha akaingia timu ya mpira. Alikuwa hodari mno. Lakini baadhi ya wanafunzi wenzake wa theolojia walifadhaika, wakakutana kumwombea, maana wakati ule wengi walidhani mpira ni chombo cha shetani. Hata siku moja ya Jumapili alipanda mimbarani kuhubiri, na macho yake yote mawili yalikuwa yamevimba na kuwa meusi kwa ajili ya mchezo wa jana yake.

NJIA MBILI

Katika mchezo mmoja likatokea jambo dogo lililogeuza maisha yake. Mchezaji aliyekuwa karibu naye alikasirika, akatoa matusi mabaya. Mara akageuka, akamwona Naismith, akamwomba radhi kwa kuwa alikuwa amesahau kwamba yupo. Naismith akashangaa, maana hakuwahi kumkemea mtu yule hata siku moja kwa sababu ya matusi. Akalifikiri sana jambo hili. Akaona ya kwamba mtu yule hakuzuiwa na hotuba, bali na kuwapo kwa mwenzake aliyecheza kwa nguvu zote bila kuuchafua ulimi wake. Akajiuliza: Je, hakuna njia ya kuwafikia vijana ila mimbarani tu?

Mwaka 1890 akamaliza masomo ya theolojia. Kwa wakati huo alikuwa amekwisha kuwa mwalimu wa mazoezi ya mwili palepale McGill. Njia mbili zikawa mbele yake: usharika ulikuwa tayari kumpokea, na upande wa pili ilikuwapo kazi ya michezo ambayo watu wengi hawakuiita kazi. Akachagua ile ya pili. Akaenda Springfield, katika jimbo la Massachusetts, Marekani, kwenye chuo cha YMCA, yaani Chama cha Vijana wa Kiume Wakristo, kilichowafundisha watu kuwaongoza vijana.

Dada yake Annie alihuzunika mno. Yasemwa kwamba hakumsamehe kwa kuliacha shauri la uchungaji. Wasomaji msilipite jambo hili upesi. Kushutumiwa na adui si kitu kizito sana. Lakini kushutumiwa na ndugu uliyezikana naye wazazi, kwamba umeuacha wito wako, ni mzigo ambao mtu huenda nao kitandani. Naismith aliuchukua mzigo huo, wala hakumjibu dada yake kwa ukali. Alijibu kwa kazi.

MAJUMA MAWILI YA SPRINGFIELD

Mkuu wake huko Springfield alikuwa Dkt. Luther Gulick. Mwaka 1891, majira ya baridi yalipoingia, lilikuwapo darasa moja la watu wazima 18 lililowashinda walimu wawili. Baridi iliwazuia wasicheze nje, na ndani hapakuwa na kitu ila kuinua mikono na kushusha, kupiga hatua na kuruka, siku baada ya siku. Wakachoka, wakawa wakorofi. Gulick akampa Naismith darasa hilo, na muda wa siku 14 tu atafute mchezo mpya wa ndani ya nyumba.

Akajaribu kuiingiza ndani michezo ya nje, mmoja baada ya mwingine. Wengine waliumia, vioo vya madirisha vikawa hatarini, na siku zikaisha hata zikabaki chache. Ndipo akaacha kujaribu-jaribu, akaketi, akafikiri kwa taratibu. Akaona: watu huumizana katika mpira kwa sababu mwenye mpira hukimbia nao, na wenzake hawana budi kumwangusha. Basi, asiruhusiwe kukimbia na mpira. Ausimamie hapo alipo, ampe mwenziwe. Tena akaona: goli likiwa chini, watu hupiga mpira kwa nguvu zote. Basi, goli liwe juu ya vichwa vya watu, na mdomo wake uelekee mbinguni. Hapo akalikumbuka jiwe la utotoni lililorushwa polepole, likapanda na kushuka.

Akaandika sheria 13. Akamwomba mtunza jengo masanduku mawili. Yule hakuwa na masanduku, akampa vikapu viwili vya kutilia mapichi. Wakavipigilia misumari katika roshani, kimoja huku na kimoja huku, na urefu kutoka chini ulikuwa futi 10. Urefu huo haukubadilika hata leo. Wale watu 18 wakagawanywa, 9 kwa 9, nao wakacheza katika mwezi wa Desemba, 1891. Mchezo ulikwisha kwa goli moja tu. Kila mpira ulipoingia ilikuwa lazima mtu apande ngazi kuutoa, maana kikapu kilikuwa na kitako chake.

Lile darasa lililochukia mazoezi lilikuwa la kwanza kuusambaza mchezo. Wanafunzi walipokwenda kwao likizo waliupeleka. Mwanafunzi mmoja, Frank Mahan, alitaka mchezo uitwe kwa jina la Naismith. Mwalimu akacheka, akakataa. Ndipo ukaitwa mpira wa kikapu. Wala hakutafuta haki ya kuumiliki ili alipwe kila unapochezwa. Huko Uingereza mchezo huo uligeuzwa kidogo kwa ajili ya wasichana, ukazaa ule mpira wa pete ambao binti zetu huucheza shuleni. Basi wasichana wanapocheza jioni katika viwanja vyetu, wanacheza mchezo ambao ni mjukuu wa vile vikapu vya Springfield.

Miongoni mwa wanawake wa kwanza waliocheza mpira wa kikapu alikuwamo Bibi Maude Sherman. Naismith alimwoa mwaka 1894, wakajaliwa watoto watano.

KAZI YAKE KANSAS

Mwaka 1895 walihamia mji wa Denver. Huko Naismith alisimamia mazoezi ya vijana wa YMCA mchana, na pamoja na kazi hiyo alisomea uganga wa kizungu, akapata shahada ya udaktari mwaka 1898. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Kansas, katika mji wa Lawrence, kilitafuta mtu wa kuongoza sala za wanafunzi na kuyasimamia mazoezi ya mwili. Amos Alonzo Stagg, mkuu wa michezo wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyekuwa pamoja na Naismith huko Springfield, ndiye aliyelitaja jina lake. Stagg naye alikuwa amesomea uchungaji, akaingia njia ileile ya viwanjani. Chuo kilitaka mtu wa sala na mtu wa mazoezi. Katika Naismith kiliwapata wote wawili, na daktari juu yake.

Akaanzisha timu ya mpira wa kikapu, nayo ilicheza mara ya kwanza tarehe 3 Februari, 1899, na vijana wa YMCA wa Kansas City. Ikashindwa, 5 kwa 16. Mpaka mwaka 1907 timu yake ilishinda mara 55, ikashindwa mara 60. Ni ajabu, lakini ni kweli: katika walimu wote walioiongoza timu ya Kansas, ni yeye peke yake, aliyeubuni mchezo wenyewe, ambaye hesabu ya kushindwa kwake imezidi ya kushinda.

Wengine huitumia khabari hii kwa mzaha. Sisi twaona ndani yake fundisho. Naismith hakuuhesabu mchezo kwa magoli. Aliwapima wanafunzi miili yao, akaandika nani ana kifua dhaifu na nani ana mgongo uliopinda, akampa kila mmoja zoezi la kumfaa. Alifundisha kuogelea na kucheza na panga za mazoezi; aliwafundisha pia jinsi ya kujitunza na magonjwa. Mwanafunzi wake Forrest Allen alipotaka kwenda kuwa mwalimu wa timu, Naismith alimwambia kwamba mchezo huu ni wa kuchezwa tu. Allen akaenda hata hivyo, akawa mwalimu wa timu aliyesifiwa kuliko wengi wa nchi yake, naye alimrithi bwana wake Kansas. Wakakaa pamoja miaka mingi, kila mmoja akiiona kazi kwa jicho lake: mmoja akitafuta timu bora, mwingine akimtafuta kila mtoto.

Wala uchungaji hakuutupa. Mwaka 1916 alikwenda na askari wa Kansas mpaka mpakani mwa Mexico, akiwa mchungaji wao. Mwaka 1917, umri wake umekaribia miaka 56, alikwenda Ufaransa wakati wa Vita Kuu, akawahudumia askari chini ya YMCA hata mwaka 1919. Huko hakuna aliyeuliza kama mwalimu wa michezo ni mchungaji kweli.

MWANAFUNZI ALIYEKATALIWA

Jambo tutakaloeleza sasa latugusa sisi Waafrika. Mwaka 1933 alifika Kansas kijana mmoja mweusi, jina lake John McLendon. Baba yake alikuwa amemwagiza amtafute Dkt. Naismith, amwambie kuwa ndiye atakayemshauri katika masomo. Naismith akampokea. Lakini katika siku zile timu ya chuo haikuwapokea wachezaji weusi. Mtu aliweza kusomea mchezo ule, asiweze kuuchezea chuo chake.

Likaja na jambo la bwawa la kuogelea. Kila aliyesomea mazoezi ya mwili ilimlazimu kujua kuogelea, lakini kijana huyu alipoingia majini, maji yote yalimwagwa, kana kwamba ameyatia uchafu. Naismith, mzee wa miaka zaidi ya 70, alisimama upande wa mwanafunzi wake, na milango ya bwawa ikafunguliwa kwa wanafunzi weusi.

McLendon akamaliza masomo yake mwaka 1936. Baadaye, akiwa mwalimu wa timu ya chuo cha watu weusi huko Tennessee, alishinda mashindano ya vyuo ya taifa miaka mitatu mfululizo: 1957, 1958 na 1959. Kabla yake hapakuwa na mwalimu wa timu ya chuo, mweupe wala mweusi, aliyeshinda taji la taifa mara tatu mfululizo. Mti ulipandwa na mzee aliyeshindwa mara 60, na matunda yake yakaonekana kwa yule aliyekatazwa kucheza.

BERLIN, NA MWISHO WAKE

Mwaka 1936 mpira wa kikapu uliingizwa katika Michezo ya Olimpiki huko Berlin. Naismith hakuwa mtu wa mali. Walimu wa timu za Marekani wakachanga fedha ili mzee aweze kusafiri. Akaziona timu za mataifa zaidi ya 20 zikija kucheza mchezo alioutunga kwa ajili ya watu 18. Mchezo wa mwisho ulichezwa nje, katika mvua na matope, nchi aliyozaliwa ikicheza na nchi aliyohamia. Marekani ikaishinda Kanada, 19 kwa 8, na mzee mwenyewe akawapa washindi nishani zao.

Mwaka 1937 mkewe Maude alifariki. Mwaka huohuo Naismith akastaafu, baada ya kukaa Kansas karibu miaka 40. Mwaka 1939 akaoa tena, lakini hakuishi muda mrefu. Damu ilivuja katika ubongo wake, akafa Lawrence tarehe 28 Novemba, 1939, mwenye umri wa miaka 78. Alizikwa hukohuko.

Mwaka 2010 zile karatasi mbili za sheria 13 ziliuzwa mnadani New York, kwa zaidi ya dola 4,000,000. Sasa zimewekwa katika Chuo Kikuu cha Kansas. Mwandishi wake hakupokea hata senti moja kwa sheria zile, wala hatusikii kwamba alinung'unika.

TUNAJIFUNZA NINI

Kwanza, na tuwasemeshe walimu. Ukikabidhiwa kengele, filimbi na mpira uliochakaa, usione kwamba umepewa kazi ya aliyekosa kazi. Mtoto aliyejificha nyuma ya kitabu darasani, uwanjani hujionyesha alivyo: mwenye hasira, mwoga, mdanganyifu au mwaminifu. Hapo ndipo pa kumlea. Tena usimwangalie yule hodari peke yake, ukawaacha wengine kukaa kivulini. Naismith alimpima kila mtoto.

Pili, na tuwasemeshe wazazi na washarika. Mtoto wenu akichagua njia msiyoitazamia, msifanye haraka kusema amepotea. Annie alidhani ndugu yake ameiacha mimbari. Kumbe alikuwa ameichukua pamoja naye, akaisimamisha katika ukumbi wa mazoezi, katika hema la askari, na kando ya bwawa lililomwagwa maji. Alihubiri bila maneno, kama siku ile mwenzake alipouzuia ulimi kwa sababu alimwona amesimama pale.

Basi, katika Jubilei hii tunapowashukuru waliojenga makanisa na shule, tuwakumbuke pia walimu wa uwanjani ambao majina yao hayakuchongwa katika jiwe lolote. Kazi yao imeandikwa katika watu waliowalea, nao wangali wakitembea kati yetu.